Bi Ndarama na Mizigo ya Wageni

Paukwa!

Pakawa!

Naondoka!

Umeaga?

Nimeaga.

Basi tukusindikize!

Vizuri. Hivyo ndivyo hadithi hii inavyofunguliwa kwetu, na mwisho mtajua kwa nini. Kaeni chini. Wewe uliyeshika kijiti, kiweke motoni au kitupe, usikichezee.

Hapo kale palikuwa na vijana watatu katika nyumba moja. Wa kwanza Kibwana, sauti yake ndiyo kwanza inavunjika, akisema neno moja nusu linatoka la mtoto na nusu la mzee. Wa pili Siwema, dada yake, msichana wa kutazama sana na kusema kidogo. Wa tatu Chande, mtoto wa mama yao mdogo, ambaye wazazi wake walifariki akaletwa kulelewa pale. Wengine husimulia kwamba walikuwa wanne. Si kweli. Walikuwa watatu.

Mama yao hakumbagua Chande. Aliyembagua ni Kibwana. Wakikaa kwenye sinia, Kibwana alikuwa akimhesabia matonge. "Hilo la ngapi, Bwana Tumbo?" Basi Chande hunawa mikono kabla hajashiba.

Siku moja ikaja habari kwamba shangazi yao, ng'ambo ya milima, anaozesha binti. Mama akatayarisha zawadi: mkeka mpya, kikapu cha mchele na kibuyu cha asali. Akawaambia, "Ngojeni nimalize kuanika nafaka. Nitawasindikiza mpaka kijitoni, niwakabidhi mizigo yenu, ndipo mwende."

Kwa watu wale desturi ilikuwa hiyo. Anayesafiri huaga. Anayeagwa huinuka, huubeba mzigo wa msafiri, humfikisha mbele kidogo, kisha humkabidhi mzigo wake mkononi. Mzigo ukishapokewa, msindikizaji hurudi. Kabla ya hapo, safari haijaanza.

Lakini wale walikuwa vijana, na miguu ilikuwa inawawasha.

"Mama akianza kuanika hamalizi," alisema Kibwana. "Harusi itakwisha tuko hapa hapa."

"Tumuage basi, twende," alisema Siwema.

"Ukimuaga atatuzuia. Chukueni mizigo."

Mama alikuwa nyuma ya nyumba. Wakajitwika mizigo wenyewe, wakatoka kimya kimya kwa mlango wa mbele. Hawakuaga.

Basi wakaenda, wakaenda, wakaenda. Njia waliyoizoea ikapinda pale ambapo haikuwa na desturi ya kupinda. Upepo ukaanza kuvuma kutoka nyuma, ukiwasukuma kama mtu mwenye haraka. Jua lilipoanza kuinama wakajikuta juu ya bonde wasilolijua, na chini bondeni pana mji wa kuta nyeupe.

Malango ya mji yalikuwa wazi. Hapakuwa na mlinzi, wala mbwa, wala mtoto. Milango ya nyumba ilikuwa ikifunguka na kujifunga kwa upepo, paa, paa, paa.

Penye kisima, katikati ya mji, alisimama bibi mnene aliyejitanda kanga mbili, moja kichwani na moja mabegani. Akatabasamu kama aliyekuwa akiwangoja.

"Karibuni, wajukuu zangu! Karibuni, karibuni! Mimi ni Bi Ndarama. Hapa mgeni ni wangu kabla hajawa wa mwingine. Nipeni mizigo."

Akaipokea yote mitatu kwa mkono mmoja.

"Nyinyi ni ndugu?" akauliza.

"Mimi na huyu ni ndugu," akajibu Kibwana. "Huyu mwingine tunamlea tu."

Chande akatazama chini. Bi Ndarama akatazama Chande, akacheka kidogo. "Ahaa," akasema. "Mnamlea tu."

Nyumba yake ilikuwa kubwa na baridi. Darini palijaa mizigo iliyoning'inia kwa kamba: mikoba, vikapu, mafurushi, mikeka iliyofungwa, yote imefunikwa vumbi. Akaining'iniza na ile yao.

"Ya nani hii yote, Bibi?" aliuliza Siwema.

"Ya wageni wangu waliopita. Waliondoka kwa haraka, wakasahau."

Siwema akaitikia kwa kichwa. Lakini moyoni alijiuliza: mtu mmoja husahau mzigo wake, sawa. Watu wote hawa, wote wasahau?

Chakula kikaja. Wali wa nazi, kuku, samaki wa kupaka, vitumbua. Chande akala tonge moja, akamtazama Kibwana, akaanza kunawa.

"We! We! We!" akasema Bi Ndarama. "Unanawa nini? Ongeza, mjukuu wangu. Ongeza!"

Hakuna aliyewahi kumwambia Chande neno hilo kwa sauti tamu namna ile. Akaongeza. Akaongeza tena. Akaongeza mpaka jasho likamtoka.

Jambo moja lilikuwa la ajabu pale. Watu wa mji ule, walioanza kutokea giza lilipoingia, hawakumpa mtu kisogo. Akija kukuletea maji, anakuja uso kwa uso. Akiondoka, anarudi kinyumenyume mpaka mlangoni, huku anatabasamu.

"Adabu ya kifalme hiyo," alisema Kibwana, kifua mbele. "Huko kwetu watu wanakugeuzia mgongo kama ng'ombe."

Asubuhi Siwema alikwenda kisimani kunawa uso. Palikuwa na msichana anateka maji, ushungi umefungwa vizuri. Upepo ukaja, ukaunyanyua ule ushungi, ukautupa ukingoni mwa kisima. Msichana akainama kuuokota.

Siwema akaona kisogo chake. Penye kisogo palikuwa na mdomo. Mdomo mzima, wenye meno, na ulimi wake ulikuwa unalamba midomo. Ukanong'ona: "Njaa."

Siwema hakupiga kelele. Alinawa uso mara ya pili, polepole, kisha akarudi ndani.

"Hawa ni mazimwi," akawaambia wenzake. "Wana mdomo wa pili nyuma. Ndiyo maana hawatupi kisogo."

Kibwana akataka kucheka. Akatazama nje. Uani palikuwa na chungu kikubwa kiasi cha mtu kusimama ndani, na wanawake wawili wanakisugua kwa mchanga. Hakucheka.

"Tukimbie," akasema.

Wakakimbia kwa lango la mashariki. Mizigo wakaiacha darini. Hakuna aliyewazuia. Wakakimbia, wakakimbia, wakakimbia, wakapanda kilima, wakateremka, wakatokea penye kisima. Bi Ndarama alikuwa amesimama palepale.

"Mmetembea? Vizuri, kutembea kunaleta hamu ya kula. Karibuni tena."

Wakakimbia kwa lango la magharibi. Wakapita kwenye mawe, wakapita kwenye miiba, wakatokea penye kisima.

"Mmetembea? Karibuni tena."

Wakaruka ukuta, wakakamata mkondo wa mto mkavu, maana mto hauwezi kupinda ukarudi ulikotoka. Ule ulipinda. Wakatokea penye kisima.

"Mmetembea? Karibuni tena."

Kuanzia hapo Kibwana hakukaa. Alizunguka chumba kama kuku anayetafuta pa kutagia. Anafika dirishani, anarudi. Anafika mlangoni, anarudi. Milango ya mji, paa, paa, paa. Siwema alikaa na kutazama. Chande alikula.

"Acha kula!" Kibwana alimfokea. "Huoni wanakunenepesha?"

"Naona."

"Sasa?"

"Sasa nini? Njia haitoki." Chande alifuta mdomo. "Afadhali hapa kuna mtu ananiambia niongeze."

Kibwana akaenda dirishani.

Basi Siwema akaamua kusema na yule bibi. Hakuwa na hila yoyote. Alitaka kuomba tu, kama mtoto anavyomwomba mtu mzima. Akamwendea jikoni.

"Bibi, sisi tunataka kukuag..."

Kabla hajamaliza, Bi Ndarama akamtia kitumbua mdomoni. "Kula, mjukuu wangu, cha moto hiki."

Alasiri akajaribu tena. "Bibi, tumekaa vya kutosha, tungependa..."

Bi Ndarama akamtia kipande cha kuku mdomoni. "Kula, mjukuu wangu, usiongee na njaa."

Jioni akajaribu mara ya tatu. "Bibi, safari..."

Safari hii Bi Ndarama hakuwa na chakula karibu. Akamziba mdomo kwa kiganja. Kiganja kilikuwa baridi, na kilikuwa kinatetemeka.

Siwema akarudi chumbani akakaa.

"Malango haogopi kuyaacha wazi," akasema. "Kukimbia kwetu hakuogopi. Anaogopa neno."

"Neno gani?" aliuliza Kibwana.

"Nadhani ni lile tuliloliacha nyumbani. Hatukuaga, Kibwana. Hatukumuaga mama, na mara tatu tumetoka hapa kama wezi. Njia haituhesabu kuwa wasafiri."

"Unataka tuliage zimwi? Zimwi hukimbiwa!"

"Tumelikimbia mara tatu."

Kibwana akachungulia uani. Nje chungu kilikuwa kimekwisha kusuguliwa, kimewekwa mafigani, na kuni zimepangwa chini yake.

"Ni wewe wa kwanza," Siwema alimwambia Chande taratibu. "Wewe ndiye uliyenona. Unataka kubaki?"

Chande alisukuma sinia kando. Kisha akasema, "Mama mkubwa atakuwa amepika ugali wa muhogo leo." Machozi yakamtoka. "Nataka ule."

Asubuhi watu wa mji wote walikuwa uani, wamekizunguka chungu, wanatabasamu. Bi Ndarama alikuwa mbele. Vijana wakatoka wameshikana mikono. Siwema akaanza kusema akiwa bado mlangoni, mbali na kiganja cha mtu, kwa sauti ambayo hata kisimani ilisikika.

"Bi Ndarama! Tumekuja kukuaga. Tumekula, tumeshiba, tumelala pema. Tunaomba ruhusa ya kurudi kwetu."

Upepo ukakatika. Milango yote ikatulia.

Tabasamu likawatoka watu wote kwa pamoja, kama taa zinazozimwa. Nyuma ya vichwa vyao midomo ikaanza kulia: njaa, njaa, njaa.

"Nyamazeni!" Bi Ndarama akaigombeza. Akamtazama Siwema muda mrefu. "Nani kakufundisha kuaga?"

"Mama yangu."

"Kakufundisha vizuri. Wengine wote waliolala humu waliondoka kwao kimya kimya, wakajaribu kuondoka kwangu kimya kimya. Hakuna aliyelitamka neno hilo." Akashusha pumzi. "Haya. Mgeni akiaga husindikizwa. Sisi ni mazimwi, hatujawa watu wasio na adabu."

Akaishusha mizigo mitatu darini, akajitwika yote kichwani. "Tangulieni, wajukuu zangu. Nitawafuata nyuma."

Basi wakatoka kwa lango, na njia ikanyooka.

Wakaenda, wakaenda, wakaenda. Vijana mbele, Bi Ndarama nyuma, na pumzi zake zikiwapiga shingoni. Walitaka kukimbia, lakini Siwema alisema, "Polepole. Anayesindikizwa hamkimbii msindikizaji."

Bi Ndarama alikuwa na maneno matamu. Aliwasimulia habari za ndege na za wafalme. Aliuliza nyumba yao ina vyumba vingapi. Aliuliza mama yao anapenda nini. Kibwana akaanza kuzoea, akaanza kujibu.

"Bibi huyu si mbaya sana," alimnong'oneza dada yake. "Na angalia, tunatembea mikono mitupu. Mwache afike mpaka nyumbani na mizigo."

"Akifika nyumbani mama atamwambia nini?"

Kibwana akafikiri. Akapauka. "Atamwambia karibu."

Wakafika kijitoni. Ng'ambo ya pili waliona moshi wa jiko la mama yao ukipanda juu ya paa. Siwema akasimama, akageuka.

"Bibi, hapa panatosha. Asante kwa kutusindikiza. Rudi sasa."

"Nirudi vipi, mjukuu wangu, na mizigo yenu ingali kichwani kwangu?"

"Tukabidhi."

Bi Ndarama akacheka, na nyuma ya kichwa chake kicheko cha pili kikamwitikia. "Kila mlichokula kwangu kimo humu. Haya, pokeeni."

Akampa Siwema mkeka. Ulikuwa mzito kama gogo bichi. Siwema akayumba, akajikaza, akausimamisha begani. Alikuwa amekula kidogo.

Akampa Kibwana kikapu cha mchele. Kilikuwa kizito kama kimejaa mawe. Kibwana akapiga magoti, akainuka, mishipa ya shingo imemtoka, akakiweka kichwani.

Akakishika kibuyu cha asali, kile kidogo, akakiweka chini mbele ya Chande. Ardhi ikadidimia.

Chande akakikumbatia, akavuta. Hakikutikisika. Akavuta tena mpaka kucha zikatoka damu. Hakikutikisika. Mara ya tatu akaanguka kando yake, akalala pale akihema.

"Hawezi," akasema Bi Ndarama. "Maskini. Sasa mimi nimeshika mzigo ambao haujapokewa. Ama nimbebee mpaka ndani kwenu, ama nirudi nao yeye akiwa juu yake. Chagueni, sina haraka."

"Nitaupokea mimi," alisema Kibwana.

"Wewe?" Bi Ndarama akainamisha kichwa. "Mzigo wa mtu hupokewa na mwenyewe au na ndugu yake. Nilikuuliza penye kisima, ukanijibu kwa kinywa chako. Mimi na huyu ni ndugu, huyu mwingine tunamlea tu. Nimekosea?"

Kibwana akakikaza kikapu kichwani. Kikapu kilikuwa kinamponda. Akamtazama Chande pale chini, na mikono yake yenye damu.

"Hukukosea, Bibi," akasema, na sauti haikuvunjika. "Nilisema hivyo, na nilisema uongo. Huyu ni ndugu yangu. Kila tonge nililomhesabia ni langu mimi kulilipa. Nipe mzigo wa ndugu yangu."

Akainama na kikapu kichwani, akatia mkono chini ya kibuyu. Siwema akaweka bega lake chini ya kwapa la kaka yake. Chande akainuka kwa magoti, akasukuma kutoka chini. Kibuyu kikatikisika. Kikainuka kidogo. Kikafika kifuani kwa Kibwana, na shingo ya kijana ikalia, ka!

Alisimama nacho. Mguu mmoja ulikuwa unatetemeka, lakini alisimama.

"Nimepokea," akasema.

Bi Ndarama akabaki na mikono mitupu. Alitazama moshi wa lile jiko kwa hamu, kama mtoto anavyotazama sinia la watu wengine. Kisha akageuka, maana msindikizaji aliyekabidhi hana budi kurudi, na kurudi ni lazima ugeuke. Wakauona mdomo wake wa pili. Ulikuwa mkubwa kuliko wa mbele, na meno yake yalikuwa yamechakaa kwa kutumika.

Mdomo ule ukasema, kwa heshima kabisa, "Msalimieni mama yenu."

Akaenda zake. Walimtazama mpaka alipopotea, na wala hakugeuka tena.

Mizigo ikawa myepesi palepale, mkeka ukawa mkeka, asali ikawa asali. Lakini Kibwana hakukitua kile kibuyu. Alivuka nacho kijito.

Mama yao alikuwa amekaa upande wa pili, nyuma ya matete, juu ya jiwe la kufulia. Alikuwa amekonda.

"Shikamoo, Mama," wakasema.

Hakuitikia upesi. Aliwagusa nyuso mmoja mmoja, kisha akawageuza akawatazama visogo. Ndipo akasema, "Marahaba. Tangu siku ile nakuja hapa kila asubuhi kuwasindikiza. Sioni wa kumsindikiza."

"Tusamehe," alisema Siwema. "Hatukuaga."

"Harusi je?" aliuliza Kibwana.

"Harusi? Binti wa shangazi yako ana mtoto anayetambaa."

Siku ile wakala ugali wa muhogo. Chande akala matonge mawili, akainuka kunawa. Kibwana akamshika mkono.

"Unakwenda wapi? Ongeza, ndugu yangu."

Chande akakaa, akaongeza.

Shingo ya Kibwana ilibaki imelalia upande mmoja mpaka uzeeni. Hakupenda kuulizwa, na aliyemuuliza alijibiwa, "Nilipokea mzigo." Hivyo ndivyo tulivyoambiwa, na hivyo ndivyo nanyi mtakavyosema. Msiongeze kitu.

Ndiyo maana kwetu mtu akienda hata kisimani huaga, na aliyeagwa huinuka akambebea ndoo mpaka mwisho wa ua. Ndiyo maana hatumkabidhi mtu mzigo wake mlangoni. Na ndiyo maana anayekula kwetu hahesabiwi.

Funzo lake ni hili: ukiondoka, aga, ili pawe na mtu anayejua kwamba hupo. Na uliyelelewa naye ni ndugu yako; usingoje zimwi likuulize mara ya pili.

Hadithi yangu nimeisindikiza, imefika hapa. Mzigo wake nimewakabidhi. Mimi narudi.

Haya, nendeni mkalale. Lakini niageni kwanza, mmoja mmoja.